BARIDI INAYOOKOA UBONGO WA MTOTO MCHANGA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua wengi wetu tukipata gazeti la chama tunakimbilia vichekesho na vitendawili. Leo nakuomba utulie nami kidogo. Jambo ninalotaka kulieleza linahusu uhai, tena uhai wa mtu ambaye hajamaliza hata siku moja duniani.

Sote tumelelewa tukijua kwamba mtoto mchanga na baridi ni kama panya na paka. Mtoto akizaliwa anafungwa blanketi, anavishwa kofia na soksi, na nyanya anafunga dirisha hata kama jua linawaka. Nao wanafanya vyema kabisa. Sasa ukiambiwa kuwa kuna daktari anayemchukua mtoto aliyezaliwa saa chache tu zilizopita, akamvua nguo, akamlaza juu ya godoro ambamo maji ya baridi yanazunguka, akamwacha hapo siku tatu mchana na usiku, utasemaje? Utasema huyo daktari ana wazimu. Kumbe sivyo! Hiyo ni tiba, na imewaokoa watoto wengi katika nchi kama Uingereza, Marekani na New Zealand. Hebu tuone inafanyaje kazi, na kwa nini huku kwetu jambo hili si rahisi kama linavyosikika.

KWA NINI NIKAJISHUGHULISHA

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Jioni nikitoka shuleni, kabla ya kushika vitabu, kazi yangu ni kumlisha uji binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye tunaishi naye. Ana umri wa miaka minane lakini hawezi kuketi bila kuegemezwa, wala hajawahi kutamka neno. Hata hivyo anaelewa mengi, manake akisikia redio ikipiga wimbo anaoupenda hucheka mpaka uji unamwagika. Hali yake inaitwa mtindio wa ubongo.

Kule bombani kina mama wanakoteka maji nimesikia kwa masikio yangu sababu tatu za hali hiyo. Ati shangazi alirogwa na jirani mwenye kijicho. Ati alikula mayai akiwa mjamzito. Ati ni laana kwa sababu mahari haikumalizwa. Shangazi husikia, akanyamaza, akabeba mtungi wake na kwenda zake. Mimi nilishindwa kunyamaza. Nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, akanitafutia maandishi ya kusoma, na muuguzi aliyetutembelea siku ya afya akanifafanulia yale yaliyonishinda. Haya ndiyo niliyoyapata.

UBONGO UKIKOSA HEWA

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni yake inatoka katika damu ya mama, inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia kupitia kitovu. Njia hii ikizibwa, mtoto hukosa hewa. Inaweza kuzibwa kwa namna nyingi: kitovu kutangulia kutoka kabla ya mtoto na kubanwa, kondo kubanduka mapema, mfuko wa uzazi kupasuka, mtoto kukwama njiani kwa sababu nyonga ya mama ni nyembamba au mabega yamenasa, au uchungu kudumu muda mrefu bila msaada.

Ubongo ni kiungo chenye ulafi. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Seli za ubongo zinahitaji nguvu kila sekunde ili kusukuma chumvi nje. Oksijeni ikikatika, nguvu inaisha, chumvi inaingia, maji yanaifuata, na seli zinavimba. Baadhi zinakufa papo hapo.

Mtoto akizaliwa hali hiyo huwa amelegea, wa rangi ya kijivu au samawati, na halii. Mkunga humpa alama za Apgar. Alama hizi zilitungwa na Daktari Virginia Apgar wa Marekani, aliyezichapisha mwaka wa 1953. Hupimwa mambo matano: rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, jinsi anavyoitikia akiguswa, nguvu ya misuli na kupumua. Kila moja ina alama 0 hadi 2, jumla 10. Si mtihani wa mtoto, ni njia ya kujua upesi nani anahitaji msaada.

Basi tuseme mkunga amemsaidia na mtoto amepumua. Oksijeni imerudi, rangi imekuwa nzuri. Hatari imekwisha? La hasha! Hapa ndipo penye siri yote ya makala haya.

STIMA IKIRUDI KWA KISHINDO

Msomaji, si unajua vile stima hupotea mtaani, mkakaa gizani, kisha ikarudi kwa nguvu nyingi ghafla? Taa zinawaka, watoto wanashangilia, lakini baada ya muda mnasikia harufu ya kuungua. Televisheni imeharibika. Haikuharibiwa na giza, iliharibiwa na kule kurudi kwa stima.

Ubongo wa mtoto hupatwa na jambo linalokaribia hilo. Damu na oksijeni zikirudi, seli zilizonusurika hupata nguvu tena na kwa muda wa kama saa sita hivi mambo huonekana shwari. Lakini ndani kuna sumu zilizomwagika wakati wa dhiki, na seli nyingine zimekwisha pokea amri ya kujiua zenyewe pole pole. Baada ya saa hizo, nguvu ya ubongo huporomoka mara ya pili. Mtoto huanza degedege. Pigo hili la pili huendelea kwa siku mbili tatu na huua seli ambazo pigo la kwanza lilikuwa limeziacha hai.

Niliposoma hapo nilimwendea shangazi, nikamwuliza siku aliyojifungua mambo yalikuwaje. Akanieleza kuwa uchungu ulimshika siku mbili nyumbani, usiku wa pili mvua ilikuwa kubwa na gari halikupatikana, na alipofikishwa kwenye zahanati kwa pikipiki mtoto alikuwa karibu kutoka. Alitoka kimya. Muuguzi aliyekuwa zamu alihangaika naye mpaka akapumua. Asubuhi yake mtoto alilala vizuri tu na watu wakasema Mungu ametenda. Jioni ndipo mkono mmoja ulianza kurukaruka, kisha mwili mzima.

Pigo la kwanza, utulivu, kisha pigo la pili. Hakuna mayai hapo wala mahari, na mchawi hayumo.

Lakini nisikupotoshe, msomaji. Si kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliumia kwa njia hii. Wengi wao ubongo uliathirika kabla ya kuzaliwa, wengine walizaliwa kabla ya wakati, na wengine waliugua baadaye, kwa mfano malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Daktari ndiye wa kutofautisha.

BARIDI INAINGIA WAPI

Ukitazama maelezo hayo utaona kuna mlango. Mlango huo ni zile saa sita za utulivu. Kama kuna jambo la kufanya ili pigo la pili lisije kwa ukali, lazima lifanywe hapo.

Jioni bibi zetu wakitaka kuhifadhi moto hadi asubuhi huyafunika makaa kwa jivu. Makaa hayazimiki, ila yanakula kuni kidogo kidogo. Baridi hufanya hivyo hivyo kwa ubongo. Kila digrii moja ya joto inayopungua, mahitaji ya ubongo hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 hivi. Sumu zinamwagika kwa uchache, uvimbe unapungua, na zile seli zilizoamrishwa kujiua nyingi huachwa hai.

Wazo hili si la jana. Mwaka wa 1959, Björn Westin wa Uswidi na James Miller wa Marekani, pamoja na wenzao, waliandika juu ya watoto waliozaliwa bila kupumua wakatumbukizwa ndani ya maji baridi. Baadhi yao walipona. Lakini hakukuwa na kundi la watoto wengine wa kulinganishwa nao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama ni baridi iliyowaponya. Tena mwaka wa 1958 William Silverman na wenzake kule New York walikuwa wameonyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati hufa zaidi wakiachwa na baridi. Wazo la baridi likatupwa kapuni.

Likafufuliwa kutoka London. Katika miaka ya 1980 Profesa Osmund Reynolds na wenzake wa Chuo Kikuu cha London waliutazama ubongo wa watoto wachanga kwa mashine ya sumaku yenye uwezo wa kupima nguvu iliyomo ndani ya seli. Wakashangaa kukuta mtoto ambaye siku ya kwanza nguvu yake iko sawa, kisha siku ya pili imeporomoka. Hivyo ndivyo pigo la pili lilivyojulikana. Mwaka wa 1995 Marianne Thoresen na wenzake walionyesha kwamba watoto wa nguruwe wakipozwa, pigo hilo hupungua. Kule Auckland, New Zealand, Alistair Gunn na Peter Gluckman walijaribu kwa wanakondoo walio tumboni. Waliona kuwa baridi ikianza mapema inasaidia sana, ikicheleweshwa inasaidia kidogo, na ikianza baada ya degedege haisaidii. Ndiyo maana ya saa sita.

JINSI INAVYOFANYWA

Tiba hii haipewi kila mtoto. Kwanza awe amekomaa tumboni, angalau wiki 36. Pili, kuwe na ushahidi kwamba alikosa hewa: kwa mfano alama za Apgar 5 au chini yake dakika ya kumi baada ya kuzaliwa, au damu yake ina asidi nyingi. Tatu, awe anaonyesha dalili za ubongo kuumia, kama kulegea, kutonyonya, kutoamka au degedege.

Akitimiza hayo, hulazwa juu ya godoro au kufungwa kitambaa chenye mirija ya maji. Kipimajoto chembamba huingizwa mwilini na kuunganishwa na mashine. Joto la kawaida la mtoto ni kati ya digrii 36.5 na 37.5. Mashine hulishusha mpaka kama digrii 33.5 na kulishikilia hapo kwa saa 72. Muda huo wote mtoto hupewa dawa ya kumtuliza ili asiteseke, na wauguzi hutazama mapigo ya moyo, pumzi, sukari na damu yake, manake baridi hupunguza kasi ya moyo na damu huwa nzito kuganda.

Siku tatu zikiisha, mtoto hapashwi joto kwa pupa. Hupandishwa nusu digrii kwa saa, au polepole zaidi. Piga hesabu mwenyewe: kutoka 33.5 hadi 37 ni digrii 3.5, kwa hivyo ni saa saba au zaidi. Akipashwa haraka degedege yaweza kurudi.

Matokeo yake je? Mwaka wa 2005 Daktari Seetha Shankaran na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya watoto 208. Miongoni mwa waliotunzwa kwa njia ya kawaida, asilimia 62 walikufa au walipata ulemavu. Miongoni mwa waliopozwa ilikuwa asilimia 44. Mwaka wa 2009 ukaja utafiti wa Uingereza wenye watoto 325, na waliopozwa walionekana kuokoka bila ulemavu kwa wingi zaidi. Mwaka wa 2013 tafiti 11 zenye watoto 1,505 zilijumlishwa pamoja. Ikaonekana kwamba kwa kila watoto 7 wanaopozwa, mmoja zaidi anaepushwa na kifo au ulemavu mkubwa. Mmoja kati ya saba ni mdogo ukimwandika ubaoni. Mwulize mama yake.

NA HUKU KWETU JE?

Hapa naomba usome kwa makini, kwa sababu mimi mwenyewe nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika kwamba kila hospitali ya wilaya inunuliwe mashine kesho.

Mwaka wa 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo lililofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na Nicola Robertson pamoja na madaktari wa Uganda. Hawakutumia mashine ghali. Walitumia chupa za maji ya mfereji kumpoza mtoto, na joto lilishuka vizuri. Walikuwa watoto 36 tu. Waliopozwa walikuwa 21 na wakafa 7. Ambao hawakupozwa walikuwa 15 na akafa 1. Watoto wachache namna hiyo hawawezi kutoa hukumu, lakini walitoa onyo.

Jibu kubwa zaidi lilitoka mwaka wa 2021. Sudhin Thayyil na wenzake waliwafuatilia watoto 408 katika hospitali 7 za India, Sri Lanka na Bangladesh, hospitali kubwa zenye wodi za wagonjwa mahututi na mashine nzuri za kupoza. Waliopozwa walikufa asilimia 42. Wasiopozwa walikufa asilimia 31. Naam, umesoma sawasawa. Tiba ile ile iliyookoa watoto kule London haikuokoa huko, na vifo viliongezeka.

Kwa nini? Wataalamu bado wanaendelea kuchunguza. Wengine wanaona kwamba watoto hao waliumia mapema zaidi, pole pole, wakiwa bado tumboni, hivi kwamba saa sita zile zilikuwa zimekwisha kupita kabla hawajazaliwa. Wengine wanataja maambukizi na afya ya mama wakati wa ujauzito. Linalojulikana ni hili: dawa iliyoponya kwa jirani lazima ipimwe tena kwako kabla ya kuinywa.

Kwa hivyo nikiulizwa kama binamu yangu angepozwa angekuwa anacheza mpira leo, jibu langu ni kwamba hakuna awezaye kuapa. Ila kuna jambo moja ninaloweza kuliapia. Kama shangazi angefika kwa wakunga mapema, siku moja kabla, nafasi yake ingekuwa kubwa kushinda nafasi ambayo mashine yoyote ingempa.

TUFANYE NINI

Wahenga hawakukosea waliposema kinga ni bora kuliko tiba. Dada zangu na kaka zangu, kesho sisi ndio mama na baba, na leo sisi ndio tunaotumwa kutafuta gari usiku. Tujue haya.

Kwanza, mjamzito aende kliniki tangu miezi ya mwanzo. Huko hupimwa shinikizo la damu na jinsi mtoto alivyolala.

Pili, tujue dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana na kuona maruweruwe, mtoto kuacha kucheza tumboni, kitovu kutokeza, na uchungu unaozidi muda wa saa kumi na mbili. Moja tu kati ya hizi ikionekana, safari ianze mara moja.

Tatu, gari na nauli vipangwe mapema, sio usiku wa mvua. Hata mwenye pikipiki aambiwe tarehe.

Nne, mtoto ajifungue kwa mikono ya mtu aliyefunzwa. Mkunga aliyefunzwa ana mfuko mdogo wa kubana wenye kifuniko cha mdomo na pua. Mtoto asiyepumua hukaushwa, husuguliwa mgongo, na akikaa kimya huanzishiwa pumzi kwa mfuko huo ndani ya dakika ya kwanza, dakika inayoitwa ya dhahabu. Mwaka wa 2013 ilichapishwa taarifa ya hospitali 8 za nchi jirani ya Tanzania ambako wakunga walipewa mafunzo hayo. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hakuna mashine ya stima hapo, ni mfuko na mkono uliofunzwa!

Tano, na hili nalisisitiza kwa wino mzito: MTU YEYOTE ASIJARIBU KUMPOZA MTOTO NYUMBANI. Baridi isiyopimwa inaua, hasa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mtoto mchanga akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na afunikwe. Nyanya aendelee kufunga dirisha. Baridi ya tiba ni kazi ya hospitali yenye vifaa na madaktari wanaojua nani apozwe na nani asipozwe.

Mwisho, tuache ulimi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya viungo, chakula na shule, na mama yake anahitaji mtu wa kumpokea mtungi kichwani. Wanachama wenzangu, sisi tunaojivunia Kiswahili tuna kazi hapa, kwa maana maarifa haya mengi yamefungiwa ndani ya lugha ambayo wazazi wetu wengi hawaisomi. Ukimaliza makala haya usiyatupe. Msomee mtu nyumbani ambaye hajui kusoma, hasa kama ana binti au mkaza mwana mjamzito.